Tarakilishi Ilipokataa Kuamka

Katika shule yetu imeenea imani moja kwamba tarakilishi ikikataa kuamka, dawa yake ni moja tu: ifomatiwe. Kijana wa saiba atakwambia hivyo, fundi wa mjini atakwambia hivyo, na hata mwanafunzi mgeni ambaye hajawahi kuigusa kibodi atatikisa kichwa kama mzee wa baraza na kusema, "Hiyo ni kufomati tu." Na kweli, ikishafomatiwa huamka. Huamka ikiwa safi kama sahani iliyooshwa, na kama sahani hiyo, haina hata chembe ya chakula juu yake.

Mpenzi msomaji, nia yangu katika makala haya ni kukueleza juu ya dawa nyingine, ambayo umri wake unawashinda wengi wa walimu wetu. Jina lake ni fsck. Usijisumbue kulitamka, sisi hutaja herufi moja moja. Ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya ukaguzi wa mfumo wa mafaili. Haina picha wala vitufe vya kubofya. Unaiandika kwenye skrini nyeusi, unabonyeza kitufe cha kuingiza, nayo inaanza kukuhoji kama wakili kortini.

Nilikutana nayo muhula wa pili, mwaka wa 2025. Chumba chetu cha tarakilishi kina mashine kuukuu, na mojawapo, ile iliyo kando ya dirisha, ndiyo iliyokuwa imebeba miradi ya watahiniwa wanne wa Kidato cha Nne. Wanaosoma somo la Kompyuta wanajua mradi ni kitu gani katika KCSE. Ni karatasi ya tatu nzima, kazi ya miezi, si jambo la kukesha nalo usiku mmoja. Alasiri hiyo stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena, ikarudi, ungedhani kuna mtoto aliyekuwa akichezea swichi. Betri ya akiba ilikuwa imekufa siku nyingi. Mambo yalipotulia mashine nyingine ziliamka bila taabu. Ile ya dirishani ilitoa skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na katikati yake herufi kubwa: UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY. Yaani kuna mgongano usiotarajiwa, endesheni fsck kwa mkono wenu wenyewe. Chini yake palikuwa na neno initramfs na kialama kikipepesa, kikingoja.

Fundi aliitwa. Alikuja, akatazama, hakuchukua hata dakika mbili.

"Mwalimu, hii tufomati tu, niwawekee Windows mpya. Kesho mnatumia."

"Na kazi za watoto?"

"Hizo zimeshaenda, Mwalimu. Diski imekufa."

Dada mmoja wa Kidato cha Nne alikuwa amesimama mlangoni. Ripoti yake ilikuwa imefika kurasa 26. Hakulia wala hakusema neno. Alikaa tu kwenye benchi ya nje, mkoba ukiwa mapajani, na nadhani kunyamaza kule ndiko kulikomfanya mwalimu wetu wa Kompyuta aamue alivyoamua.

"Asante sana, fundi," akasema. "Wacha kwanza tuiulize yenyewe."

Hapa sharti nisimame kidogo nieleze, kwa sababu bila hili utadhani nasimulia uganga.

Diski haijui faili ni nini. Diski ni uwanja mpana uliogawanywa vipande vidogo vinavyoitwa bloku. Katika mfumo wa ext4, ambao hutumiwa sana na Linux, kila bloku kwa kawaida ni baiti 4096. Ripoti yenye picha hukalia mamia ya bloku, na si lazima ziwe zimefuatana. Kila faili ina kadi yake, inayoitwa inodi. Kadi hiyo ina nambari yake, nayo imeandikwa ukubwa wa faili, mwenyewe ni nani, iliandikwa lini, na bloku zake ziko wapi. Jambo lililonishangaza ni kwamba kadi haina jina la faili! Jina limo kwenye saraka, au folda kama tuzoeavyo kuiita, na saraka yenyewe si chochote ila orodha: jina hili, kadi nambari fulani. Mwisho kuna ramani inayoonyesha bloku ipi imekaliwa na ipi i tupu.

Basi linganisha na maktaba yetu. Kuna vitabu rafuni, kuna kadi, kuna daftari la majina. Mtunza maktaba akiwa katikati ya kuandika, kadi imetolewa lakini jina la mwanafunzi halijaingia daftarini, kengele ya moto ikalia na wote wakakimbia nje, atakaporudi daftari na rafu hazitapatana. Hakuna kitabu kilichoungua. Kilichoharibika ni mapatano kati ya karatasi na rafu. Na ndiyo maana nasema fundi alikosea aliposema diski imekufa. Diski ilikuwa hai. Daftari ndilo lililochanganyikiwa.

Zamani waendeshaji wa mashine za Unix, kule Bell Labs nchini Marekani, walikuwa na viprogramu kadhaa vya kuchunguza mambo haya kimoja kimoja, kisha wakirekebisha kwa mikono. Katika miaka ya 1970 Ted Kowalski akaandika fsck, iliyofanya kazi hiyo yote kwa pamoja. Linux nayo ilipopata mfumo wa ext2, ulioandikwa na Rémy Card mwaka wa 1993, ilihitaji mkaguzi wake, na mkaguzi huyo huitwa e2fsck hadi leo. Unapoandika fsck kwa diski ya ext4, e2fsck ndiyo inayoitwa kazini. Mwaka wa 2001 ukaja ext3, ulioongeza shajara: kabla ya kubadilisha daftari, mfumo huandika pembeni kwamba nakusudia kufanya hivi na hivi. Stima ikipotea, mashine inapoamka husoma shajara na kumalizia au kuacha. Mfumo wa ext4, uliokuwa tayari mwaka wa 2008, una shajara pia. Kwa hiyo siku nyingi hatuoni kitu. Mashine hujitibu kimyakimya.

Mbona basi yetu haikujitibu? Mwalimu alitueleza kuwa diski ina kumbukumbu yake ndogo ya ndani, na huweza kusema "nimeandika" ilhali maandishi bado yako kwenye kumbukumbu hiyo, hayajafika kwenye sahani. Stima ikikatika papo hapo, na tena mara nne mfululizo, shajara yenyewe hudanganyika. Huo ulikuwa ufafanuzi wake, nami sina sababu ya kuupinga.

Kesho yake tuliwasha mashine kwa diski mweko yenye Ubuntu, ili diski ya ndani isiguswe. Hili ni sharti la kwanza na halina mjadala: fsck haiendeshwi kurekebisha mfumo ambao umepachikwa, yaani unaotumika wakati huo huo. Umewahi kuona duka limebandikwa tangazo kwamba limefungwa ili mali ihesabiwe? Mwenye duka si mjinga. Akihesabu sukari huku wateja wanaendelea kuinunua, hesabu yake itakuwa uongo kabla hajaweka kalamu chini. Na fsck ni mbaya kuliko mwenye duka, kwa kuwa haihesabu tu. Inasahihisha rafu zifuate hesabu hiyo ya uongo.

Mwalimu aliandika:

sudo e2fsck -n /dev/sda1

Ile n ndiyo siri. Huifanya programu isome tu bila kuandika, na kila swali ijijibu yenyewe "hapana". Maandishi yakaanza kuteremka. Kasoro baada ya kasoro, skrini ikajaa, na mwenzangu mmoja akashika kichwa: "Wee! Hii imeisha kabisa!" Lakini juu kabisa ya orodha palikuwa na onyo ambalo wengi hulipita: kwamba shajara imerukwa kwa kuwa ukaguzi huu ni wa kusoma tu. Maana yake ni kwamba sehemu ya kasoro zile zingetoweka zenyewe pindi shajara itakaposomwa. Orodha ya n hutisha kuliko ugonjwa ulivyo. Ni vyema kujua hivyo kabla ya kumpa mtu habari mbaya.

Ndipo ukazuka ubishi. Wenzangu wawili walitaka tuandike -y tumalize. Herufi hiyo hujibu "ndiyo" kwa kila swali, hata mia tano, na wewe unaweza kwenda kunywa chai. Kuna nyingine ya upole, -p, inayorekebisha yale tu yasiyo na hatari na kukoma ikikutana na jambo zito. Mashine yetu ilikuwa imeshaijaribu hiyo ya upole asubuhi ilipoamka, ndipo ikatuita. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba "ndiyo" isiyosomwa ni sawa na kutia sahihi mkataba kizani. fsck haitafuti mafaili yako. Inatafuta mapatano. Ikiona kadi isiyoeleweka inaweza kupendekeza kuifuta, na ikiifuta, daftari linapatana barabara, wala haina haja ya kujua kwamba kadi ile ilikuwa jasho la mtu la miezi mitatu.

Mwalimu alikata shauri: hakuna "ndiyo" yoyote kabla ya nakala. Kwanza tulitazama hali ya diski yenyewe kwa programu iliyomo kwenye Ubuntu, tukaona haina sehemu mbovu zilizobadilishwa. Lau tungezikuta, tungeacha kabisa kurekebisha, kwa sababu diski inayokufa kweli haifai kuchoshwa kwa ukaguzi. Halafu mwalimu akaazima diski ya nje kwa karani wa shule, akaandika:

sudo dd if=/dev/sda1 of=/media/ubuntu/akiba/sda1.img bs=4M status=progress

Neno if ni chanzo, na of ni mwisho wa safari. Ukiyabadilisha mahali unaweza kumimina utupu juu ya kazi yako, na dd haiulizi swali hata moja. Mwalimu alituita sote, akatufanya tuisome ile amri kwa sauti, neno kwa neno, kama darasa la chekechea, ndipo akabonyeza. Diski ilikuwa ya gigabaiti 80. Ilichukua karibu saa nzima. (Wenye diski mweko za mfumo wa FAT32 wasijisumbue kujaribu: mfumo huo haukubali faili moja linalofikia gigabaiti 4.)

Sasa tukaendesha e2fsck bila n wala y. Mwalimu aliketi kwenye kibodi, mimi nikapewa daftari la mazoezi niandike kila swali na jibu lake. Shajara ilisomwa kwanza, na kama tulivyotarajia, kasoro nyingi zikapungua. Ukaguzi huenda kwa awamu tano. Ya kwanza hupitia kadi zote na bloku zinazodaiwa. Ya pili hukagua saraka, ya tatu huhakikisha kila saraka ina mzazi mpaka kwenye mzizi, ya nne huhesabu kadi ina majina mangapi, na ya tano hulinganisha ramani ya bloku. Sitawachosha kwa zote. Mbili ndizo zilizotutoa jasho.

Katika ile ya kwanza fsck iligundua kwamba bloku kadhaa zilikuwa zikidaiwa na mafaili mawili kwa wakati mmoja. Ni kama wanafunzi wawili wanaodai dawati moja, na kila mmoja ana karatasi iliyopigwa muhuri. fsck hufanyaje? Humpa kila mmoja nakala ya dawati. Amani inapatikana, lakini yaliyoandikwa juu ya dawati lile yalikuwa ya mmoja tu. Yule mwingine anapewa maandishi yasiyo yake, na programu haina njia ya kujua nani ni nani. Tulijibu "ndiyo" tukijua hivyo, kwa maana hapakuwa na jibu bora, na nakala tulikuwa nayo.

Awamu ya tatu ikatuambia kuna saraka iliyokatika, haina mzazi: je, iunganishwe kwenye lost+found? Hiyo lost+found ni saraka ambayo kila mfumo wa ext4 huzaliwa nayo, mara nyingi i tupu, na watu huiona wakadhani ni takataka. Ni chumba cha vilivyookotwa. Tulijibu "ndiyo". Kisha awamu ya nne ikaleta kadi moja moja, zina data lakini hazina jina popote: ziunganishwe? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Niliandika kumi na moja.

Mwisho ikatangaza kuwa mfumo umebadilishwa. Mwalimu akaandika echo $?, amri inayoonyesha nambari ambayo programu iliyotangulia imeacha. Asubuhi ile ya kwanza mashine ilikuwa imetoa 4, yaani kuna makosa yaliyobaki. Sasa ikatoa 1: makosa yamerekebishwa. Akaendesha ukaguzi mara ya pili, kwa -f ili usirukwe, na nambari ikawa 0. Safi. Kelele tulizopiga zilimtoa naibu wa mwalimu mkuu ofisini.

Tulifungua chumba cha vilivyookotwa. Ile saraka iliyokatika ilikuwa imepewa nambari badala ya jina, lakini kumbuka nilivyosema: majina ya mafaili hukaa ndani ya saraka. Jina lake yenyewe ndilo lililopotea, ya ndani hayakuguswa. Ilikuwa ni folda ya miradi! Watahiniwa watatu walikuta kazi zao zote, majina yao yote, hata picha. Mmoja aliruka hadi akagonga balbu.

Folda ya yule dada ilikuwa tupu. Orodha yake ndiyo iliyoharibika, na zile kadi kumi na moja zisizo na majina zilikuwa mafaili yake. Yalipangwa mbele yetu kwa nambari tupu, kila moja ikianza na alama ya reli. Hapo mwalimu akatufundisha amri nyingine, file, ambayo haitazami jina bali huchungulia ndani na kusema ni aina gani. Saba zilikuwa picha, mbili hifadhidata, na mbili maandishi ya LibreOffice. Mbili! Alikuwa amehifadhi ripoti wiki iliyotangulia kwa jina jingine, akaisahau.

Ile ya kwanza ilikuwa na ukubwa uleule aliokuwa akiukumbuka. Tukaibofya. LibreOffice ikasema faili limeharibika, ikajitolea kulirekebisha, ikashindwa. Ndilo lililopewa nakala ya dawati lisilo lake. Nambari kwenye skrini bado ilikuwa 0, safi, na fsck haikuwa imesema uongo hata kidogo. Iliulizwa kuhusu daftari, ikajibu kuhusu daftari. Ndani ya kitabu haikuwahi kuchungulia.

Ya pili ilifunguka. Kurasa 19.

Kabla sijamaliza, neno kwa wale wenye diski mweko mifukoni, ambazo huchomolewa kwenye mashine kama mihogo. Kwenye Windows kuna ndugu ya fsck, jina lake chkdsk, nayo huandikwa hivyo hivyo kwenye skrini nyeusi. chkdsk E: peke yake husoma tu, kama ile n yetu. chkdsk E: /f hurekebisha. Ikiokota vipande visivyo na jina huviweka katika folda iitwayo FOUND.000, kwa majina kama FILE0000.CHK. Mwalimu anasema enzi za Windows 98 mashine ikizimwa vibaya iliamka ikijikagua yenyewe kwa ScanDisk huku ikikukaripia kwamba hukuizima ipasavyo, nao wakiwa wanafunzi walikuwa wakiirukia kwa hasira. Nakili kwanza kile unachoweza kukisoma, kisha ndipo uandike /f.

Yule dada alikuwa na daftari la maandalizi lenye sehemu ya yale yaliyopotea, na alama nyekundu za mwalimu pembeni. Alikaa chumbani alasiri mbili akichapa, mashine ya dirishani, ileile, kwa kuwa hakutaka nyingine. Mimi niliachiwa kazi ya kunakili kazi yake kwenye diski ya karani kila alipofika mwisho wa ukurasa, na nilichoka kusimama na kuketi. Ijumaa jioni ripoti ilitimia kurasa 27, moja zaidi ya ile ya awali. Faili la sda1.img bado limo katika diski ya karani, gigabaiti 80, na juzi ameuliza tena ni lini atarudishiwa nafasi yake.